Kanze na Mtoto wa Darini

Asubuhi ile feri ilipogusa upande wa Kisiwani, watu walimiminika kama kawaida yao. Walishuka makarani wenye mashati yaliyonyooshwa, wauza samaki na ndoo zao, mama wenye watoto mgongoni, na wenye mikokoteni wakipaza sauti, "Nipishe! Nipishe!" Katikati ya mmiminiko huo alikuwa msichana mmoja aliyepunguza mwendo mpaka akasimama kabisa, macho yote kwenye simu.

Jina lake Kanze, karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi yao Mbaraki. Siku hiyo alivaa gauni la kitenge la zambarau lenye maua ya manjano, viatu vyekundu vya bapa, na nywele alisuka mistari iliyorudi nyuma vizuri ikaonyesha uso wake mviringo.

"Dada, hiyo ni sehemu ya tatu?" Sauti nzito ilitoka juu ya bega lake.

Kanze akageuka. Alikuwa kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, ovaroli ya rangi ya chungwa, kofia ngumu ameitundika kwenye kiwiko, filimbi inaning'inia kifuani.

"Huku pwani watu huamkiana kwanza, kaka," alisema Kanze. "Halafu ndipo wachungulie simu za wenzao."

"Samahani sana. Hujambo, dada?"

"Sijambo."

"Umeamkaje?"

"Salama."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo wote."

"Na ng'ombe? Na mbuzi? Na kuku?"

Kanze akacheka bila kutaka. "Basi, umefuzu. Ndiyo, ni sehemu ya tatu."

"Usiitazame hapa, nakusihi. Mimi niliitazama gatini wakati wa chai. Chai ikapoa mkononi, wenzangu wakasema nina malaria."

Waliongea hatua chache kupanda mwinuko wa Feri, kijana akamwambia anaitwa Wekesa, anafanya kazi bandarini Kilindini. Walipoachana ndipo Kanze alipokumbuka jambo moja. Muda wote waliosimama pale, mikokoteni ilipita kwa kasi upande wa kulia, na kijana yule alikuwa amejiweka upande huohuo, mwili wake ukimkinga. Hakusema neno juu ya hilo, alikinga tu. Kanze alitabasamu peke yake mpaka mwenzake wa ofisini, Winnie, akamuuliza kama amepandishwa cheo.

Kesho yake walionana tena palepale, na keshokutwa vilevile. Siku iliyofuata Wekesa aliomba namba ya simu, ati amsimulie sehemu ya nne ikitoka, asije akaogopa peke yake.

"Mimi siogopi katuni," alisema Kanze.

"Basi unisimulie wewe mimi. Mimi naogopa."

Kanze akampa.

Katuni yenyewe iliitwa *Mtoto wa Darini*, nayo haikuwa ya watoto. Ilitengenezwa ng'ambo, na vijana wa hapa wakaiwekea maandishi ya Kiswahili chini. Kila mwezi ilitoka sehemu moja. Ilimhusu msichana aitwaye Neli, aliyepatwa na jambo kubwa utotoni. Kila alipotishwa, mwili wake ulibaki kitini huku rangi zikimtoka polepole, mpaka akawa kama mchoro wa penseli. Mdomo wake ukafutika. Naye mwenyewe akapaa hadi darini, akaketi pale juu akijitazama.

Watazamaji walivutana juu ya katuni hiyo kama juu ya mpira. Wengine walilia. Wengine waliandika kwamba aliyeitunga ni mgonjwa, apelekwe hospitali. Wengine walisema ni mambo ya mashetani, watoto wakatazwe. Wengine walifanya mzaha, wakabandika picha ya Neli asiye na mdomo na kuandika, "Mimi nikiulizwa nitaoa lini."

Kanze aliyasoma maoni yote, na hakuandika hata neno moja, kwa kuwa Neli alikuwa yeye.

Alikuwa na miaka minane mvua ya masika ilipoangusha ukuta wa nyumba yao huko Likoni. Ilikuwa mchana, yeye na mdogo wake Kadzo wamejilaza mkekani. Walifukiwa pamoja, mkono ndani ya mkono, na mkono wa Kadzo ukawa wa baridi kwanza. Watu walipochimba na kuwatoa, Kanze aliwaona akiwa juu kabisa, kama aliyekaa kwenye boriti. Alijiona mwenyewe chini, amejaa udongo, na akamhurumia yule mtoto kama mtoto wa jirani.

Tangu siku hiyo, mara mojamoja, alipanda tena. Mlango ukibamizwa, au harufu ya chokaa mbichi ikimfikia, sauti za watu huenda mbali, mikono yake huwa kama si yake, naye hubaki macho wazi asijibu. Nyumbani walisema ni pepo. Miaka miwili nyuma alikuwa na mchumba, Kiti, kijana mpole. Siku moja Kanze alipanda mbele ya mama yake Kiti, sahani ya wali ikiwa mkononi. Wiki hiyohiyo posa ikavunjwa. Hakuna aliyemtukana. Waliacha tu kuja.

Ndipo Kanze alipoapa kwamba hakuna mwanamume atakayemwona tena katika hali ile. Akimwona, atamwacha, kama Kiti alivyomwacha.

Wekesa naye alipiga simu kila jioni baada ya kazi.

"Haloo, Mwenye Filimbi," Kanze humwambia.

"Haloo, Bi Nyaraka. Umekula?"

"Nimekula. Wali wa nazi na samaki wa kupaka."

"Ukaniacha mimi na sima na sukuma yangu. Moyo wako mgumu wewe."

"Njoo uombe, labda utapewa."

"Nije kwenu?"

"Nimesema labda."

Wekesa alimfundisha Kanze kazi yake kwa mikono. Alikuwa mpiga ishara. Alisimama chini ya meli na kumwongoza dereva wa winchi, ambaye yuko juu sana na hasikii kitu kwa kelele za bandari. Kiganja wazi kikiinuliwa juu, maana yake simama, watu wote kimya. Kiganja kikitazama chini na kushuka polepole, maana yake shusha. Jumapili walipokaa na viazi vya karai mikononi, wakila na ukwaju, Kanze aliinua kiganja wazi kila Wekesa alipoongea sana, naye akanyamaza hapohapo kama mwanajeshi.

"Umenipata," Wekesa alisema. "Hii sheria siwezi kuivunja, mpenzi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Kanze akajifanya anatafuta kitambaa cha kufuta mikono.

Sehemu ya tano ilipotoka, Wekesa alimwalika Mji wa Kale. Rafiki yake Ronny alikuwa amepanga chumba cha juu katika nyumba ya bibi mmoja aitwaye Bi Maisara, na Jumamosi baada ya alasiri bibi huyo huwaachia vijana sebule yake ya chini watazame pamoja ukutani. Kanze alisita siku nzima. Mwishowe akajiambia kwamba ameshazitazama nne zilizopita salama, na hii nayo itapita.

Walifika wamependeza. Kanze alivaa dera la buluu bahari na mtandio mweupe begani. Wekesa alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa na mistari. Mlango wa nyumba ulikuwa wa mbao za kuchongwa, na ndani mlinukia udi na kahawa. Kanze alivua viatu, akaenda moja kwa moja kumwamkia mwenye nyumba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu. Jina lako nani? Kanze? Ndoo ukae hapa karibu nami, hao wengine wana miguu mirefu."

Wakati Kanze ameinama kumbusu mkono bibi, Ronny alikuwa mlangoni na kamera yake. Alikuwa na ukurasa mtandaoni ambapo huonyesha nyuso za watazamaji wakati wa kutazama, vile wanavyoshtuka na kulia.

"Leo narekodi," alimwambia Wekesa. "Nyinyi wawili mna neno?"

"Sisi hatuna neno," alijibu Wekesa, macho yake yakimfuata Kanze. "Rekodi tu."

Kanze hakusikia.

Katuni ikaanza. Bi Maisara, na miaka yake yote, ndiye aliyekuwa mtazamaji mkali kuliko wote.

"Huyu mtoto mbona hapewi chakula?" alilalamika. "Tangu mwezi uliopita hajatia kitu mdomoni!"

"Bibi, ni katuni," alisema kijana mmoja aitwaye Kamaludin.

"Kwani katuni haina tumbo?"

Sebule nzima ikacheka. Kanze naye akacheka. Kisha ukutani Neli akaingia chini ya meza, na dari juu yake ikapasuka ufa mwembamba. Vumbi likaanza kushuka, punje kwa punje. Halafu ukaja mlio ule, mzito, wa kitu kikubwa kinachojivuta kabla ya kuanguka.

Kanze akapanda.

Aliziona nywele zake mwenyewe kwa juu, ile mistari iliyosukwa. Aliona mkono wake umeshika kikombe cha kahawa na kahawa inamwagikia dera. Sauti za watu zilikwenda mbali, halafu zikakatika zote kwa mara moja. Hakujua alikaa huko muda gani. Kilichomshusha ni kitu chepesi kilichotua mabegani, kina harufu ya asumini na sabuni. Bi Maisara alikuwa amemfunika leso yake.

Alipogeuka, Wekesa alikuwa amesimama nyuma yake.

"Nilisinzia kidogo," alisema Kanze.

"Sawa," alisema Wekesa.

Hakuuliza kitu. Njia nzima kurudi Feri aliongea juu ya bei ya samaki na jinsi Bi Maisara angefaa kuwa nahodha wa meli. Hakuona, Kanze alijiambia. Furaha ilimjaa hata akanunua mabuyu ya watu wawili, na alipofika nyumbani ndipo alipojikuta bado amejifunga leso ya watu.

Jumatatu Winnie alimwita pembeni, nyuma ya makabati ya ofisi.

"Shoga yangu, kaa chini kwanza."

"Kuna nini?"

"Kaa, nakwambia."

Akampa simu. Uso wa Kanze ulijaa kioo chote. Macho wazi, hayapepesi, mdomo umelegea, kahawa inamwagika. Nyuma yake alionekana Wekesa, amesimama wima anamtazama tu, hamshiki, hamwiti. Kicheko cha watu wengi kilisikika. Chini pameandikwa, "Dada kageuka sanamu!" na maelfu ya watu walikuwa wameshaitazama.

Kanze aliyasoma maoni. "Huyo ana pepo, apelekwe kwa mganga." "Betri imeisha." "Na huyo jamaa nyuma anangoja nini, basi?"

Hilo la mwisho ndilo lililomchoma. Mchana alimpigia Wekesa.

"Bi Nyaraka wangu," Wekesa aliitikia kwa furaha. "Leo umeniwahi."

"Uliona."

Mlio wa bandari ulisikika nyuma yake.

"Niliona," alisema Wekesa.

"Ukasema sawa. Ukaniongelesha habari za samaki."

"Kanze, nilidhani ukitaka kuniambia utaniambia."

"Mtandao mzima umeona! Wanacheka! Nani alimruhusu Ronny kunirekodi?"

Wekesa angeweza kudanganya, lakini hakudanganya. "Mimi. Aliuliza mlangoni, nikasema hatuna neno."

"Hatuna? Mimi na wewe tulikaa lini tukashauriana?"

"Sikufikiri, mpenzi. Nisamehe. Naenda kwake sasa hivi..."

"Ukajibu kwa mdomo wangu. Halafu nilipokuwa pale, mbele ya watu wote, ukasimama kama mlingoti. Hata mkono hukunishika. Bibi wa watu ndiye aliyenifunika."

"Kanze, nisikilize..."

"Usinipigie. Usiningoje Feri. Niache."

Akakata. Baadaye alienda msalani, akafungua bomba maji yatiririke kwa nguvu, akalia mpaka Winnie akagonga mlango na kumwambia bosi anaulizia nyaraka, lakini asitoke, yeye atazipeleka.

Wekesa alitii. Hakupiga simu, na pale Feri hakuonekana. Jioni ileile picha ile iliondolewa kwenye ukurasa wa Ronny, ingawa wengine walikuwa wameshainakili na kuirusha kwingine.

Kanze alikonda. Mama yake alipika alivyojua vyote. Kila jioni simu ilipokaa kimya, Kanze aliichukua na kusoma tena maoni yaliyokuwa chini ya nakala hizo, kama anayetonesha kidonda chake mwenyewe. Na hivyo ndivyo alivyokutana na maneno ambayo mwanzo yalimpita. Yalikuwa chini sana, hayakupendwa na wengi. Mwanamke wa Kisauni alikuwa ameandika, "Huyu dada hakuganda. Ameenda. Mimi nami huenda, tangu ajali yangu." Chini yake mwingine, "Na mimi. Nilidhani niko peke yangu." Na mwanamume wa Changamwe, "Asante dada, hujui umenifanyia nini." Na muuguzi mmoja alieleza kwa utulivu kwamba hili si pepo, ni namna akili inavyomkinga mtu aliyepatwa na jambo zito, na kwamba wako washauri wa kusaidia.

Kanze alisoma mpaka herufi zikawa ukungu. Kesho yake alimwonyesha Winnie.

"Nitakusindikiza," alisema Winnie. Hakuuliza wapi. Aliomba ruhusa kwa bosi, ati jino linamsumbua, na wakaenda wote wawili kumwona mshauri hospitalini. Huko kwa mara ya kwanza Kanze alitamka jina la Kadzo mbele ya mtu asiye wa nyumbani. Akaanza kwenda kila wiki, na kila wiki jino la Winnie lilimuuma bila kukosa.

Siku moja ofisi ilimtuma Kilindini. Kulikuwa na hati za kupeleka hadi gatini penyewe, na anayezipeleka siku zote alikuwa mgonjwa. Kanze alivaa jaketi la kung'aa na kofia ngumu, akapita ukaguzi, akaongozwa mpaka kwa mwanamke aitwaye Mwende, anayeandikisha mizigo inayoshuka.

Juu ya vichwa vyao winchi ilikuwa inateremsha mtambo mkubwa wa chuma. Na chini, mgongo wake kwao, filimbi shingoni, alisimama Wekesa.

Upepo ulivuma ghafla kutoka baharini. Mtambo ukaanza kuyumba. Wafanyakazi wawili walikimbia kutaka kuukamata, na Wekesa akainua kiganja wazi juu. Wote wakasimama. Waliokuwa wakiongea walinyamaza katikati ya neno. Mtambo uliyumba huku na kule, na Wekesa hakusogeza hata kidole, wala hakuondoa macho yake hapo.

"Mbona hawaukamati?" Kanze alinong'ona.

"Usithubutu," alisema Mwende. "Mzigo ukiyumba hauvutwi, wala haupigiwi kelele. Ukiuvuta unazidi, na unaweza kuua. Unangojewa utulie wenyewe. Lakini mpiga ishara haondoki, dada. Mvua inyeshe, jua liwake, yeye atasimama pale hadi mzigo uguse chini."

Mtambo ulipunguza kuyumba. Ukatulia. Wekesa akageuza kiganja kutazama chini, akakishusha polepole, na chuma kile kizito kikatua kama yai kwenye kikapu.

Kanze alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Huyo ni bingwa," Mwende aliendelea, akigonga muhuri. "Ila siku hizi anayumba mwenyewe. Ati msichana. Chakula chake tunakula sisi."

Kanze alichukua hati zake, akaondoka bila kujionyesha. Hakwenda ofisini. Alikwenda Mji wa Kale, leso iliyofuliwa na kupigwa pasi ikiwa ndani ya mkoba wake, kwani alikuwa akiibeba siku zote bila kupata ujasiri wa kuirudisha.

"Hodi, bibi."

"Karibu! Ah, Kanze! Mwanangu, umepotea. Leso ya nini? Hiyo nilikupa. Kaa, kuna mahamri."

"Bibi," alisema Kanze, "siku ile, Wekesa alifanya nini?"

"Yule kijana wako? Akainua mkono hivi, sote kimya. Hata mimi, nami sinyamazishwi na mtu. Kamaludin alitaka kukutikisa, akamzuia kwa macho. Nami nilipoleta leso akanionyesha kwa kiganja, polepole, polepole. Nikakuwekea polepole."

"Watu walicheka lini, basi?"

"Wacheke? Nyumbani kwangu?" Bi Maisara aliweka birika chini kwa kishindo. "Nani acheke? Ronny! Ronny, shuka!"

Ronny alishuka ngazi, na alipomwona Kanze akabaki ameshika ukuta. Hakujitetea. Alifungua kompyuta yake, akaonyesha yote tangu mwanzo. Kweli, sebule ilikuwa kimya. Kiganja cha Wekesa kilikuwa juu, kilikatwa tu kwenye ile picha fupi iliyorushwa mtandaoni. Kicheko kilikuwa cha mwanzoni, cha tumbo la katuni, Ronny alikihamisha.

"Nilitaka itazamwe," alisema Ronny, kichwa chini. "Nisamehe, dada. Wekesa alikuja siku ileile. Hakunigusa. Alikaa hapo mlangoni, ananiangalia tu bila neno, mpaka nikaifuta. Afadhali angenipiga."

Kanze akacheka, machozi yakimtoka. Alijua utulivu ule.

"Sehemu ya mwisho ni lini?"

"Jumamosi."

"Utarekodi?"

"Sirekodi tena. Nimekoma."

"Utarekodi," alisema Kanze. "Nitakwambia lini uwashe."

Jumamosi sebule ilijaa hadi ngazini, kwa kuwa Ronny alikuwa amewaalika watu kwenye ukurasa wake. Kanze aliingia amevaa gauni jekundu lisilo na maua wala nakshi, na mabegani leso ya Bi Maisara. Minong'ono ikapita. Wengi walimjua kwa ile picha. Wekesa alikuwa ameitwa na Ronny bila kuambiwa sababu, naye alijibanza karibu na mlango, tayari kuondoka akiona anachukiza. Kanze alimwona, ila bado hakumsemesha.

Katika sehemu ya mwisho, Neli alitazama chini kutoka darini, na kwa mara ya kwanza akakiona kile kitoto cha penseli si kama mtu mwingine. Akashuka. Akakikumbatia. Rangi zikarudi, moja moja, na mwisho mdomo. Watu walilia wazi. Bi Maisara alisema, "Sasa mpeni chakula!" na hakuna aliyecheka, kwa kuwa wote walitaka hivyohivyo.

Kanze alisimama.

"Ronny, washa."

Taa ndogo nyekundu ikawaka. Kwa mbali alihisi dari ikimwita. Alishika ncha za leso, akahisi uzi wake kwa vidole kama mshauri alivyomfundisha. Akabaki chini.

"Naitwa Kanze," alisema. "Mimi ndiye dada aliyegeuka sanamu. Sikugeuka. Nilikuwa na mdogo wangu, anaitwa Kadzo, alipenda kuimba akiwa anakula. Ukuta ulituangukia tukiwa tumeshikana mikono, yeye akafa, mimi nikabaki. Nikishtuka sana, huwa naenda juu kama Neli. Si pepo, na sioni haya tena. Wako wengi kama mimi katika mji huu, waliniandikia, na leo nawajibu. Mkimwona mtu ameenda, msimtikise wala msimcheke. Mngojeni. Mfunikeni leso. Atarudi."

Kisha Kamaludin akasimama.

"Dada, mimi ndiye niliyeandika pepo. Nilikuwa pale pale nimekaa, nikaenda nyumbani nikaandika. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Futa."

"Nimeshafuta."

Mwanamke mmoja kwenye ngazi akapaza sauti, "Mimi wa Kisauni! Mimi ndiye niliyekuandikia!" Akashuka akikanyaga miguu ya watu, akamkumbatia Kanze, na hapo sebule ikalipuka kwa makofi na vigelegele mpaka majirani wakafungua madirisha.

Makofi yalipopungua, Kanze alimwelekea Wekesa. Watu wakapisha njia wenyewe.

"Nilikwenda Kilindini," alimwambia. "Niliuona ule mtambo unavyoyumba."

Wekesa alisogea kutoka mlangoni. "Basi umejua."

"Nimejua. Ungeniambia."

"Sikujua kuyasema. Najua kuyafanya tu. Lakini lile la mlangoni, Kanze, lile nilikosea kabisa. Nilijibu kwa mdomo wako. Sina la kujitetea."

"Hilo ulikosea," Kanze alikubali. "Usirudie."

"Sitarudia." Alivua ile filimbi shingoni, akaishika kwa mikono miwili kama mtu asiye na kitu kingine cha kushika. "Kwa hiyo leo nakuuliza mwenyewe. Baba yangu na wazee wangu wako tayari kusafiri kutoka Bungoma. Je, naruhusiwa kuwaleta kwenu, waje wakupose?"

"Amekubali!" akapiga kelele Kamaludin.

"Amekubali! Amekubali!" sebule nzima ikaitikia, na Bi Maisara akapiga kigelegele kirefu.

Wekesa aliinua kiganja wazi juu.

Wote wakanyamaza, na Bi Maisara akabaki na ulimi katikati ya kigelegele.

"Ngojeni," alisema Wekesa bila kuondoa macho yake kwa Kanze. "Ajibu mwenyewe."

Akangoja. Kanze alimwacha angoje kidogo, kwa raha ya kungojewa. Aliutazama uso ule uliokuwa na hofu na hausogei. Kisha aliinua mkono wake, kiganja kikitazama chini, akakishusha polepole, polepole, mpaka kikatua juu ya mikono ya Wekesa na filimbi yake.

"Ndiyo," alisema kwa sauti iliyofika hadi ngazini. "Walete. Nami nitawapikia wali wa nazi."

Kelele zilizofuata zilisikika mpaka barabarani. Kanze, kichwa kifuani pa Wekesa, alimtafuta Ronny kwa macho katikati ya watu.

"Ronny! Hii itume," alisema. "Nimeruhusu mwenyewe."